Papai, Nyungu na Simu

Hoja iliyo mezani ni hii: wakati wa maradhi ya mlipuko, simu imewadhuru watu wa Bonde la Kilombero kuliko ilivyowafaa. Nimeiandika kwa ukali makusudi. Hoja ya upole haipati mpinzani, na mjadala usio na mpinzani ni hotuba.

Wasemaji ni wanne na hawana majina, kwa kuwa nimewatunga mwenyewe kutokana na maneno yasemwayo Ifakara kila siku: sokoni, kwenye foleni ya kliniki, ndani ya basi la Mlimba, kwenye benchi la fundi anayebadilisha vioo vya simu. Wao ni wa kutunga. Matukio ya nchi wanayorushiana ni ya kweli. Muuguzi amestaafu baada ya kuzungukia wodi tangu enzi za sindano za kuchemshwa. Fundi Simu ana kibanda jirani na stendi, na ndiye admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wao wa Viwanjasitini. Mkulima analima mpunga ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Msimu ukiingia huhamia dunguni na familia yake, mji akausahau mpaka mavuno. Wa nne ni Mdodosaji, binti anayezunguka nyumba kwa nyumba na kishikwambi kwa ajili ya miradi ya utafiti. Kwingineko huenda ukalazimika kueleza kazi hiyo ni kazi gani. Ifakara hapana. Waswisi walifungua maabara yao hapa mwaka 1957, maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na tangu hapo bonde hili halina kizazi ambacho hakijaulizwa maswali na kutobolewa kidole.

Nimempa Muuguzi neno la kwanza kwa sababu ya umri wake, na kwa sababu asingekubali la pili.

MUUGUZI: Tarehe 16 Machi 2020 waziri wa afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona hapa nchini. Haukupita muda nikaletewa sauti ya mwanamke analia, anajiita nesi wa hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam, anasema maiti zimejaa. Niliisikiliza mpaka mwisho nikajua huyu hajawahi kushika zamu hata moja: hataji wodi, hataji saa, hajui mgonjwa kapokelewa na nani. Jirani yangu aliyenitumia hakuyasikia hayo. Alisikia kilio. Ikafuata ile ya kichanga kilichozaliwa kikanena kwamba dawa ni chai ya rangi isiyo na sukari, ile iliyowaamsha watu usiku kule magharibi mwa Kenya wakainjika masufuria. Mnacheka. Mimi sikucheka, ingawa chai haiui.

Kinachoua ni kuchelewa. Hapa kwetu homa ya mtoto ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Mama akiambiwa na simu kwamba homa siku hizi ni korona, na kwamba anayelazwa hatoki, atabaki nyumbani. Atamfunika mtoto blanketi amfukize kwa mchaichai na mwarobaini. Malaria kali haimsubiri amalize nyungu. Mtoto wa miaka miwili anaweza kucheza leo na kesho akazimia. Kwenye rejesta ya korona mtoto huyo hayumo. Kwenye rejesta ya malaria kaandikwa kwamba kafikishwa akiwa na hali mbaya. Simu haimo popote, ndiyo maana mnasema haijaua mtu.

FUNDI SIMU: Shikamoo mama.

MUUGUZI: Marahaba. Haya, jitetee.

FUNDI SIMU: Ya kichanga siitetei, na aliyeileta grupuni nilimtoa. Ila mama, wewe mwenyewe ndiye uliyetusimulia habari za degedege. Mtoto anakakamaa kwa malaria iliyopanda kichwani, wazee wanasema kaguswa na shetani, asichomwe sindano, akichomwa anakufa. Anapelekwa kwa mganga kwanza, hospitali baadaye, na mara nyingine hospitali haifikiwi kabisa. Wakati huo WhatsApp ilikuwa wapi? Uvumi ulitembea kwa miguu na ulifika.

Na hiyo nyungu unayoilaumu sikuitunga mimi. Kujifukiza kulisifiwa na mkuu wa nchi hadharani, Aprili 2020. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais Magufuli akatueleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zimepelekwa maabara kwa majina ya watu, na zimerudi na majibu kwamba zina korona. Maneno hayo hayakuzaliwa kwenye grupu. Yalitoka kwenye televisheni na redio, sisi tukayakata vipande tukasambaza. Ukitafuta chanzo, usianzie kwenye kibanda changu.

MUUGUZI: Marehemu hasemwi.

FUNDI SIMU: Simsemi yeye. Naisema hotuba.

Hapa naingilia kama mwenyekiti. Adabu ya kutomsema marehemu naiheshimu, lakini hotuba ya kiongozi ni mali ya umma hata baada ya mazishi. Kuuliza kama maabara inapima sawasawa ni swali halali. Maabara zinazojiheshimu hujitega zenyewe kwa sampuli za siri. Shida ni yaliyofuata. Kamati iliundwa, ikarudi na ripoti ya kasoro za maabara. Namba hazikurudi. Hesabu ya taifa ilikomea wagonjwa 509 mwanzoni mwa Mei 2020, na kwa zaidi ya mwaka mzima haikuongezwa hata mmoja. Juni tukaambiwa Mungu ametuondolea korona. Basi papai likabaki hewani peke yake, na kila mtu akalitafsiri kwa hofu yake: huyu akasema vipimo ni vya uongo, yule akasema ugonjwa wenyewe ni wa uongo, na wa tatu, ambaye nadhani ndiye aliyekuwa na wafuasi wengi zaidi, akaacha kula mapapai.

Endelea, Fundi.

FUNDI SIMU: Julai 2020 zikatoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Ukiweka mtandaoni habari za mlipuko wa maradhi ya kuambukiza, hapa nchini au nje, bila idhini ya mamlaka husika, umevunja kanuni. Mwezi huohuo Kwanza TV, televisheni ya mtandaoni, ikafungiwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, miezi 11 kwa kuweka kwenye Instagramu tahadhari ya afya iliyotolewa na ubalozi wa Marekani. Nikajiuliza: mimi admini wa mtaa, nisiye na mwanasheria wala mhariri, niweke nini? Nikakaa kimya kuhusu mambo yenye mwenyewe na jina. Ya kitunguu saumu yakaendelea, maana kitunguu saumu hakihitaji idhini.

Halafu ikaja ile miezi ya mwanzo wa 2021. Tulizika. Tukaambiwa ni changamoto ya upumuaji. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki tarehe 17 Februari, na chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ana korona. Sisi wa kawaida tulijua kuna jambo kwa sababu ya simu: tanzia zilikuwa zinafuatana grupuni mpaka mtu unaogopa kuifungua asubuhi. Hakuna aliyetuambia tuvae barakoa. Tulizivaa kwa sababu ya tanzia. Mama, hiyo nayo iandike kwenye rejesta yako.

MUUGUZI: Naiandika. Ila usinipandishie sauti.

MKULIMA: Naombeni nami niseme, maana mnabishana kana kwamba kila mtu ana bando. Kule kwetu dunguni mtandao unaupata ukipanda kichuguu, na kichuguu chenyewe kina nyoka. Simu yangu ya batani. Hizo klipu sijaziona hata moja, lakini maneno yake yote ninayo. Yameniletea kijana wa bodaboda pamoja na chumvi, mafuta ya taa na mbolea. Akishusha mzigo anashusha na habari: korona ni ya Wazungu, korona ni ya wenye viyoyozi, chanjo inaua uzazi. Ukimuuliza kaipata wapi anasema imetangazwa. Nani katangaza? Imetangazwa tu.

Ninyi wenye simu mnaona aliyetuma. Pengine mnaona alama kwamba ujumbe umezungushwa sana. Sisi tunaupata ukiwa umeshavuliwa hayo yote. Tangu daraja la mto lifunguliwe mwaka 2018, hatungoji tena pantoni. Mgonjwa anavuka usiku, na sifa ya daraja hilo siipunguzi. Ila daraja halichagui abiria. Uvumi uliokuwa unalala ng'ambo mpaka pantoni iamke, sasa unafika kabla ya chai.

MUUGUZI: Kaka, umenisaidia kuliko huyu kijana alivyodhani.

MKULIMA: Sijakusaidia, mama. Mhudumu wa afya naye alikuwa na daraja hilohilo la kuvukia, na hakuvuka. Bodaboda alivuka.

MUUGUZI: Basi ngoja niwapeleke nyuma. Juni 1997 kipindupindu kiliingia Ifakara. Wakubwa mnakumbuka. Simu zilikuwa za kuhesabu, intaneti hakuna aliyeijua. Maneno yalikuwepo, ya kurogwa na ya kutiliwa sumu, lakini maneno yalikwenda kwa mwendo wa mtu, na sisi tuliweza kuyafuata. Watafiti wakaja wakafanya kazi ya subira. Waliwachukua wagonjwa 180 wa mwanzo, na kwa kila mgonjwa wakatafuta watu wawili wasiougua, jumla 360, wakawauliza wote maswali yaleyale. Unaoga wapi? Maji unachota umbali gani? Juzi ulikula nini? Majibu yakaonyesha mambo matatu ambayo hakuna mwenye hofu angeyabuni: kuoga mtoni, kuishi mbali na maji, na kula samaki wakavu. Kimelea walikikuta kwenye choo cha wagonjwa, na walikikuta pia kwenye chanzo kikuu cha maji cha mji, na vilipolinganishwa vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Samaki wakavu! Nani angewasingizia? Ni kitoweo cha kila nyumba bonde zima, ndicho unachofungiwa ukisafiri. Ingekuwa leo, klipu ya kwanza ingesema wameletewa sumu na kiwanda, ya pili ingesema dawa yake ni ndimu na majivu. Ukweli ulipatikana kwa sababu watu waliulizwa taratibu, na hapakuwa na mtu wa kuwapa majibu kabla ya maswali.

FUNDI SIMU: Mama, hayo matokeo yaliandikwa lini?

MUUGUZI: Mwulize huyu binti, ndiyo kazi yao.

MDODOSAJI: Yalichapishwa mwaka 2001. Kwenye jarida la Marekani, kwa Kiingereza.

FUNDI SIMU: Miaka minne! Halafu naambiwa mimi nafowadi haraka mno.

MUUGUZI: Tulichemsha maji bila kusubiri jarida, usinichekeshe. Na kwa kuwa umelitaja hilo la kufowadi: kipindupindu kile hakikutengenezwa na mchota maji. Alikuwa mtu mwema, anawapelekea wenzake ndoo. Lakini alichota pale, akapeleka, nao wakanywa. Unaponiambia "sikutunga, nilisambaza tu," ndicho unachoniambia.

Kimya kidogo kilipita hapo, na mwenyekiti nakiri nilikifurahia. Ni katika mambo ambayo watetezi wa simu huyaruka. Hata hivyo Fundi hakuwa amekosea kuhusu jarida. Maarifa yaliyochotwa Ifakara, kwa jasho la watu wa Ifakara, huenda Ulaya na Marekani kwanza, na mara nyingi njia ya kurudi ni ndefu. Mwaka huohuo wa 1997 mradi wa vyandarua ulikuwa unaanza Kilombero na Ulanga, na wenyewe ulifanya tofauti: ukachagua jina la Kiswahili linaloeleweka, Zuia Mbu, ukaanza kwa kuuliza watu wanapenda nini, ukauza kupitia maduka ya kawaida ya vijijini, kwa wenye maduka walewale waliouza sabuni. Matokeo yake yanajulikana: watoto wenye umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala kwenye vyandarua hivyo vyenye dawa walipona kifo kwa kiwango kilichozidi wenzao kwa asilimia 27. Pale habari za afya zilipita njia ileile inayopitiwa na uvumi, yaani kwa mtu unayemjua na unayeweza kurudi kumuuliza.

Hilo la kurudi kumuuliza Mdodosaji ana neno nalo.

MDODOSAJI: Mimi nawasikiliza nikiona mnagombania mwendo: simu ina haraka, jarida lina uvivu. Nadhani shida haiko kwenye mwendo. Kazi yangu ni kuuliza. Naingia nyumbani, namsalimia mama, nafungua kishikwambi, namuuliza watoto wangapi, nani kaugua homa, mmelala ndani ya neti. Anajibu yote. Nikimaliza ananiuliza yeye: "Mwanangu, na hiyo damu mnayotoboa huwa inakwenda wapi?" Au mwaka 2021: "Hiyo chanjo kweli haifungi kizazi?" Kishikwambi kina nafasi ya jibu lake. Hakina nafasi ya swali lake. Naondoka, swali linabaki pale uani. Saa mbili usiku mwanawe anarudi na simu, na simu inalijibu.

Inamjibu uongo, ndiyo. Lakini inamjibu, na inamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeonekana kumjali.

FUNDI SIMU: Hapo sasa.

MDODOSAJI: Usishangilie, kaka, sijamaliza. Tazama chanjo. Januari 2021 tuliambiwa kutoka Chato kwamba chanjo hazifai, wizara isizikimbilie. Februari waziri wa afya, Dorothy Gwajima, alikaa mbele ya kamera akaonyesha jinsi ya kutengeneza kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimao na pilipili. Machi nchi ikapata msiba, na Rais mwingine. Tarehe 24 Julai zikafika dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Ndani ya miezi sita mtu huyuhuyu wa Viwanjasitini aliambiwa akatae, halafu akaambiwa akubali. Askofu Gwajima, mbunge wa Kawe wa wakati ule, akahubiri kinyume cha chanjo na klipu zake zikafika kila kona. Waziri Gwajima anasema choma, Askofu Gwajima anasema usichome; kuna bibi mmoja aliniuliza kama wameachana.

Basi mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo nchini hawakufika asilimia 3. Kufikia 2023 walikuwa karibu nusu ya watu wote. Mnipe sababu. Klipu hazikufutwa, zipo mpaka leo. Askofu hakunyamaza. Simu hazikupungua, ziliongezeka. Kilichobadilika ni kwamba chanjo iliacha kungoja hospitalini ikafuata watu sokoni, misikitini, makanisani, mlangoni, imebebwa na mtu anayeweza kusimama akaulizwa: itaniumiza? ninanyonyesha, inafaa? nina presha je? Kule Beni na Butembo, mashariki ya Kongo, wakati wa Ebola ya 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961. Robo yao walisema Ebola haipo. Waliokuwa hawaiamini mamlaka ndio waliokuwa wagumu zaidi kuchanjwa na kwenda hospitali. Miaka ya vita, wanajeshi wasiowalinda, mara wageni wanashuka kwa magari ya kifahari kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Ungekuwa wewe ungeamini?

MUUGUZI: Kwa hiyo hakuna kosa la anayesambaza? Wote tukalaumu serikali twende nyumbani?

MDODOSAJI: Hapana, mama. Ninasema ukimfungia mdomo Fundi bila kuliondoa lile swali uani, atapatikana Fundi mwingine.

FUNDI SIMU: Nami niwape mtihani wa kweli, si wa 1997. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Baada ya siku moja mbili, waziri wa afya wa wakati ule, Jenista Mhagama, akasema sampuli zimepimwa na hakuna Marburg. Tarehe 20 Rais Samia, akiwa na Tedros mwenyewe wa Shirika la Afya Duniani hapo Dodoma, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika, Biharamulo. Sasa mimi admini. Tarehe 15 mtu kaweka taarifa ya Shirika la Afya Duniani. Tarehe 16 mwingine kaweka kanusho la wizara, anasema yule wa kwanza ni mzushi, afutwe, aripotiwe polisi. Nimfute nani? Ningemfuta wa kwanza, tarehe 20 ningemrudisha na kumwomba radhi. Kwa sheria mnazozitaka, angekuwa yuko ndani.

MUUGUZI: Kushukiwa si kuthibitika. Sampuli zilizopimwa mwanzo hazikuwa na kirusi; walisema walichokikuta.

FUNDI SIMU: Sawa, lakini walisema hakipo. Wangesema "tulizopima hazina, tunaendelea kupima," nani angepata hasara?

MUUGUZI: Hilo nakubali. Wodini ndivyo tunavyosema kwa ndugu wa mgonjwa. Hatusemi amepona mpaka apone.

MKULIMA: Mimi ningependa tu kuambiwa hivyo. Mvua ya vuli hatuijui kama itatosha, na bado tunapanda. Mtu mzima anaweza kuambiwa jambo halijajulikana bado.

Kwa hukumu yangu, Fundi ameshinda kuhusu chanzo na ameshindwa kuhusu mkono wake mwenyewe. Sheria zilizotungwa kuzuia uvumi wa maradhi ziliwabana zaidi wenye majina na ofisi kuliko wasio na majina, na uvumi ni mali ya wasio na majina. Lakini kuna jambo Fundi hakulitaja, nami sikutaka aondoke bila kuulizwa. Mkulima akaniwahi.

MKULIMA: Kijana, shemeji yangu yumo kwenye hilo grupu lenu. Ananiambia kila jioni kuna tangazo la dawa: inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, chupa moja. Nani analiweka?

FUNDI SIMU: Kuna mteja.

MUUGUZI: Mteja!

FUNDI SIMU: Analipa kidogo. Bando la grupu linatoka wapi, mama? Mimi ndiye ninayekaa usiku kufuta uchafu.

MUUGUZI: Mwanangu, wakati wa korona wagonjwa wa presha na kisukari ndio waliokuwa hatarini zaidi kufa. Wewe unafuta uongo wa bure halafu unauza wa kulipia. Watu waliopanga foleni mpaka Loliondo mwaka 2011 kwa kikombe cha dawa cha Babu, cha shilingi 500, baadhi yao waliacha vidonge vyao vya ARV kwa sababu walidhani wamepona. Siwacheki. Aliyekwenda Samunge, kijijini kwa Babu, alikuwa mgonjwa aliyechoka. Lakini Babu angalau alikaa mahali, ulijua ukimtafuta utampata. Mteja wako anakaa wapi?

FUNDI SIMU: Sijui. Ananitumia hela kwa simu.

MDODOSAJI: Hata WhatsApp wenyewe waliona hatari ya ujumbe unaozunguka bila mwenyewe. Aprili 2020 waliweka kizuizi: ujumbe uliozunguka mno unaruhusiwa kupelekwa sehemu moja tu kwa mara moja. Mtaani watu wakajifunza kuupiga picha, au kuurekodi upya kwa sauti zao. Kizuizi kinahesabu ujumbe, hakihesabu mdomo.

FUNDI SIMU: Sasa mnataka niseme nini? Tangazo nitalitoa. Lakini mtu akiniuliza saa nne usiku, mtoto anaharisha maji meupe, na masika imeingia, nimpeleke wapi? Nimwambie apige 199, namba ya wizara ya afya?

MUUGUZI: Ndiyo, apige, ni bure, na mtoto aanze kunywa maji ya chumvichumvi na sukari papo hapo huku wakijiandaa kwenda. Ila 199 haijui kwamba daraja dogo la kwenu limezama, wala kwamba zahanati iliyo karibu ina nani zamu ya usiku. Hayo anayajua mtu wa hapa.

FUNDI SIMU: Basi mama rudi grupuni. Ulijitoa.

MUUGUZI: Nilijitoa kwa sababu ya vichekesho vya kina mama waliovunjikiwa na ndoa zao. Nitarudi kwa masharti. Anayeleta habari ya ugonjwa aandike kapewa na nani, jina, si "nimetumiwa". Anayeuliza asichekwe, hata akiuliza kama kichanga kimenena. Nikisema sijui, msikimbilie kwa anayejua kila kitu. Nitauliza hospitali nirudi. Na nikilala, nimelala.

FUNDI SIMU: Naandika.

MKULIMA: Na sisi wa dunguni? Mmeshapatana ninyi wenye bando.

MDODOSAJI: Yule bodaboda anayekuletea chumvi, ana simu kubwa?

MKULIMA: Anayo, tena ya kugusa. Ndiye aliyeniletea ile ya chanjo kuua uzazi. Ana kofia nyekundu, anapenda kupiga honi akikaribia tuta.

FUNDI SIMU: Kofia nyekundu? Honi ya mlio wa mbuzi?

MKULIMA: Huyohuyo.

FUNDI SIMU: Huyo ni mdogo wangu.

MUUGUZI: Mpigie sasa hivi, na uweke sauti kubwa tusikie wote.